Wimbi la anga la wima: kwa nini antena yake huwekwa chini

Wimbi la anga la wima ni wimbi la redio linalorushwa karibu moja kwa moja juu, likafika tabaka F la ionosfea (sehemu ya juu ya angahewa inayorudisha mawimbi ya redio), kiasi cha kilomita 250 hadi 400 kutoka ardhini, kisha likashuka kama manyunyu juu ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 400 hivi. Mlima ulio kati ya vituo viwili hauzuii kitu, kwa sababu wimbi linatoka juu.

Ili kufikia kituo kilicho umbali wa kilomita 200, wimbi lipande kwa pembe ya nyuzi 70 hivi. Antena ya fimbo iliyosimama haiwezi: nguvu zake huelekea kwenye upeo wa macho. Wimbi lake la ardhini hufifia baada ya makumi ya kilomita, na lile la anga hutua mbali mno. Katikati hubaki ukimya. Unasikika nchi nyingine, wa wilaya ya pili hakusikii! Wengi hapo huongeza wati, na wati hazibadili pembe.

Kinachofaa ni dipoli ya mlalo, yaani waya uliolazwa na kugawanywa katikati kuwa mikono miwili. Gawanya 143 kwa masafa (mitetemo ya wimbi kwa sekunde) katika MHz, upate urefu wake wote kwa mita. Kwa MHz 7.1 ni mita 20.1, yaani kila mkono mita 10 na ushee. Kata kila mkono ukiwa na ziada ya nusu mita, pandisha, pima SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio; kikikaribia 1 ni vizuri), kisha punguza kidogo kidogo pande zote mbili sawa. Katikati funga balani ya 1:1, kifaa kinachozuia mkondo kurudi nje ya kebo, la sivyo kebo ya koaksi inayotoka kwenye redio nayo hugeuka antena na kuokota kelele za nyumba.

Kimo ndicho kinachowakosesha wengi, maana tumezoea kuamini kwamba antena ikiwa juu zaidi ni bora. Hapa inatakiwa sehemu 0.1 hadi 0.25 ya urefu wa wimbi. Kwa MHz 7.1 ni mita 4 hadi 10, na 6 zinatosha. Chini ya mita 2 ardhi humeza nguvu nyingi. Ukifika mita 21, nguvu hulala pembeni na juu hapaendi kitu. Kama una nguzo moja tu, inua kitovu mita 8 na uteremshe mikono pande mbili, pembe kati yake isipungue nyuzi 90. Ncha zisifikiwe na mkono wa mtu: hapo ndipo volteji huwa kubwa.

Antena nzuri haiokoi masafa mabaya. Yakizidi uwezo wa ionosfea wa saa ile, wimbi hupenya na kupotelea angani. Yakiwa ya chini mno mchana, tabaka D, lililo chini ya F, hulimeza. Kwa kawaida mchana ni MHz 5 hadi 8, usiku 2 hadi 4. Kwa hiyo funga dipoli ya pili, ya MHz 3.6 yenye mita 39.7, kwenye kebo ileile, mikono ikiachana kiasi. Jua likizama na sauti za karibu zikaanza kupotea, hamia huko.