Je, wajua: kwa nini slaidi zilizokaa vizuri nyumbani huvurugika ukumbini?

Kundi la kwanza siku hiyo lilikuwa na wanafunzi wanne, na kazi yao ilihusu bei ya unga. Flashi ikachomekwa kwenye kompyuta ya ukumbi, slaidi ya kwanza ikatokea, na hapo hapo tukajua mambo yameharibika. Kichwa kilichotakiwa kuwa mstari mmoja kimekuwa mistari miwili, mstari wa pili umelalia jedwali, na pale palipotakiwa kuwa na video ya mahojiano ya sokoni pamebaki kisanduku cheusi. Msemaji wao akanigeukia: "Samahani Dokta, nyumbani ilikuwa imekaa vizuri."

Nilimwamini. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na karibu kila mara ni ya kweli. Kosa la yule kijana lilikuwa kudhani kwamba kwenye flashi amebeba picha. Alichobeba ni maelekezo.

Fikiria umemwachia fundi cherehani karatasi ya vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono, aina ya mshono. Kitambaa hukumpa, atatumia alichonacho. Wape mafundi wawili karatasi hiyo hiyo, utapata magauni mawili, na huenda moja likakubana kwapani. Faili la slaidi ndivyo lilivyo. Kila kompyuta inayolifungua inashona upya, kwa kitambaa chake.

Unaweza kujionea mwenyewe. Toa nakala ya faili lako la PowerPoint (nakala, tafadhali, siyo lenyewe), kisha badilisha mwisho wa jina lake kutoka .pptx kuwa .zip na ulifungue. Utakuta folda ndani ya folda, kwa sababu tangu toleo la 2007 faili hilo ni furushi tu la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Kuna folda ya picha, na kuna slide1.xml, slide2.xml na kuendelea. Fungua mojawapo kwa programu yoyote ya maandishi. Hutaona slaidi, utaona maneno: sanduku la maandishi lianzie hapa, liwe na upana huu, ndani yake paandikwe hivi, kwa fonti (yaani sura ya herufi) yenye jina hili. Hata ukubwa wa slaidi umeandikwa kwa namba, kwenye faili jingine la furushi hilo liitwalo presentation.xml: kwa slaidi pana za kawaida ni 12192000 kwa 6858000. Kipimo chenyewe ni cha ajabu kidogo: inchi moja ni 914400 na sentimita moja ni 360000, namba zilizochaguliwa ili inchi na sentimita zote ziandikwe bila desimali. Gawanya, utapata slaidi yenye urefu wa sentimita 19.05 kwenda juu.

Sasa angalia kisichokuwemo. Fonti yenyewe haimo, limo jina lake tu. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mstari ukatike baada ya neno fulani. Kompyuta ndiyo inayopanga maneno kwenye sanduku, herufi baada ya herufi, na nafasi ikiisha inashuka chini. Herufi zikiwa pana kidogo kuliko zile za nyumbani, neno la mwisho halienei tena. Linashuka, mstari wa pili unazaliwa, na jedwali linafunikwa.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa bila kujua. Kwa miaka mingi, tangu 2007, fonti inayokuja yenyewe ukianza wasilisho jipya ilikuwa Calibri. Mwaka 2023 Microsoft ikatangaza kwamba Aptos inachukua nafasi hiyo. Mwanafunzi mwenye programu mpya anaandika kwa Aptos bila hata kuichagua. Kompyuta ya ukumbi, ambayo mara nyingi ina programu ya siku nyingi, haijawahi kuisikia, basi inaokota fonti nyingine na kuendelea na kazi kimyakimya. Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama ya Microsoft, wana ahueni kidogo upande wa Calibri: ipo fonti ya bure iitwayo Carlito, iliyochorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana ule ule wa Calibri. Sura inabadilika kidogo, mistari inakatika pale pale. Mimi naona huo ni ufundi wa heshima, kuchora alfabeti nzima ili tu jedwali la mtu usiyemjua lisifunikwe.

Kwenye PowerPoint ya Windows kuna dawa ya moja kwa moja. Ingia sehemu ya mipangilio ya kuhifadhi na utie alama pale panapoagiza fonti ziwekwe ndani ya faili. Faili litanenepa, lakini utakuwa umempelekea fundi vipimo pamoja na kitambaa. Baadhi ya fonti haziruhusu, kwa sababu ya leseni zake.

Ile video? Walitaka faili liwe jepesi, kwa hiyo badala ya kuiingiza ndani waliiunganisha tu. Faili likabeba anwani: nenda kwenye folda ya Downloads, uichukue. Na Downloads yenyewe ilikuwa kwenye laptopu iliyobaki hosteli.

Tatizo hili halikuwepo tangu mwanzo. Slaidi za zamani zilikuwa filamu halisi, vipande vidogo vilivyopangwa kwenye sahani ya duara ya projekta kama Kodak Carousel, iliyoingia sokoni mwaka 1961. Kipande kingeweza kupangwa kichwa chini, lakini maandishi yake hayangebadilika njiani. Hata PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, haikuwa ya kuchomeka ukumbini. Ilikuwa programu ya Macintosh, nyeusi na nyeupe, na ulichotengeneza ulikichapa ili kihamishiwe kwenye karatasi za plastiki za kuweka juu ya ovahedi. Maelekezo yalishageuzwa kuwa kitu cha kushika mkononi kabla hujatoka ofisini. Microsoft waliinunua kampuni hiyo mwaka huo huo kwa dola milioni 14. Vurugu ilikuja baadaye, tulipoacha plastiki na kuanza kubeba maelekezo yenyewe hadi mlangoni mwa ukumbi.

Lakini jambo hilo hilo linaloharibu vichwa vya habari ndilo linalowezesha watu wanne kuandika kwenye slaidi moja kwa wakati mmoja. Picha huwezi kuihariri wawili wawili. Maelekezo unaweza, kwa kuwa kila badiliko ni amri fupi inayoweza kutumwa kwa mwenzako peke yake.

Kuna mtego, hata hivyo. Tuseme kichwa cha slaidi kimeandikwa "Bei ya ungaa". Mmoja yuko Mbeya, anaona herufi imezidi, anafuta herufi ya 12, ile a ya mwisho (hesabu na nafasi). Sekunde hiyo hiyo mwenzake wa Morogoro anaongeza neno "mpya" na nafasi yake baada ya "Bei". Sasa maandishi ni "Bei mpya ya ungaa", na herufi ya 12 si ile a tena, ni nafasi iliyo kati ya "ya" na "ungaa". Amri ya Mbeya ikitekelezwa kama ilivyo, utapata "Bei mpya yaungaa". Herufi iliyozidi bado ipo, na kosa jipya limezaliwa.

Suluhisho ni kuitafsiri upya amri iliyochelewa. Seva inajua kwamba wakati Mbeya anabonyeza, Morogoro alikuwa ameshaongeza alama 5 mbele yake. Basi 12 inakuwa 17, a ya mwisho inafutwa, na wote wawili wanaona "Bei mpya ya unga". Hakuna aliyesubiri zamu. Mbinu hii waliiandika Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka 1989, na Google walipoeleza mwaka 2010 jinsi Google Docs mpya inavyofanya kazi, ndiyo waliyoitaja. Ellis, kwa wasiomfahamu, ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1969.

Yote hayo yanahitaji faili liwe mahali pamoja na watu waliendee kwa linki. Ukilituma kama kiambatisho, kila mmoja anabaki na lake, na kufika Ijumaa kundi la WhatsApp lina "wasilisho la mwisho", "la mwisho kabisa" na "la mwisho kabisa 2", na mchango wa mtu mmoja haumo kwenye lolote kati ya hayo. Ukituma linki, angalia ruhusa kwanza: kutazama, kutoa maoni au kuhariri. Nimeona watu wazima wakisimama mbele ya wageni huku skrini ikiwaambia waombe ruhusa kwa mwenye faili, na mwenye faili yuko kwenye basi, simu imezimwa.

Nyaya nazo zina maelekezo yake. Ukichomeka HDMI, projekta huiambia laptopu inaweza kuonyesha ukubwa gani wa picha, na laptopu inachagua. Mazungumzo hayo yakikwama utaona skrini nyeusi, na mara nyingi kuchomoa na kuchomeka upya kunatosha. Kitufe cha Windows na herufi P ukivibonyeza pamoja vinakupa uchaguzi: skrini mbili zionyeshe kitu kimoja, au kila moja ionyeshe chake. Chagua la pili, ndipo wewe utaona dondoo zako na watu waone slaidi tu. Kinyume chake, ukumbi mzima unaweza kusoma pale ulipojiandikia "hapa tabasamu".

Kundi la pili, waliokuwa wamekaa nyuma wakitazama balaa la wenzao, walifanya jambo la busara. Walitoka nje dakika tano wakageuza slaidi zao kuwa PDF. PDF ndiyo ile plastiki ya ovahedi iliyorudi: mistari imeshakatika pale ilipokatika, na kwa kawaida fonti zimo ndani. Waliporudi, vichwa vilikaa sawasawa, majedwali yalikaa sawasawa. Ila PDF haibebi madoido ya kutokea kitu kimoja kimoja. Binti aliyekuwa akiwasilisha akafika slaidi ya nne, akatutazama, akauliza kwa sauti ya kuchokoza: "Mnadhani ni mkoa gani mahindi yalipanda bei zaidi?" Nyuma yake, kwa herufi nyekundu, jibu lilikuwa limeshatokea.