Mpango wa mechi kwa mchezaji wa tenisi wa klabu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tunaocheza tenisi ya klabu mwishoni mwa wiki tumejifunza mbinu kwa kuwatazama mabingwa kwenye televisheni. Dhana nyingi potofu zimeanzia hapo, kwa sababu mechi ya bingwa na mechi yetu haziamuliwi na jambo lilelile.

"Anayepiga mipira mikali ndiye mshindi"

Kaa kando ya kiwanja siku moja, uchukue karatasi, uandike kila pointi imeishaje. Je, mtu amepiga mpira usiofikika, au mwenzake ameupiga kwenye wavu au nje? Safu ya makosa itajaa wakati ile nyingine ina alama chache tu. Katika ngazi yetu pointi nyingi hazishindwi na mtu, zinapotezwa. Kwa hiyo mpango uanze na swali la nani atakosea kwanza, na ni nini kitakachomkosesha.

Hata kileleni tofauti ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2024, akizungumza na wahitimu wa chuo cha Dartmouth nchini Marekani, Roger Federer, bingwa wa zamani kutoka Uswisi, alisema kwamba katika mechi zake 1,526 za mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Ikiwa Federer alipoteza karibu nusu ya pointi zake, wewe unayetaka kila mpira uwe wa kupigiwa makofi unadai makubwa. Mpira mkali una kazi yake. Ila mpango ujengwe juu ya mpira unaoweza kuurudisha ndani mara nane kati ya kumi, hata ukiwa umechoka na hesabu ni 30-40, yaani ukipoteza pointi moja tu gemu imekwenda. Kama mpira huo ni fohendi (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi) inayopita juu sana ya wavu, isiyo na kasi, basi huo ndio mtaji wako wa leo.

Dhana hii ina pacha wake: kwamba yule anayerudisha kila kitu polepole "hachezi tenisi". Anachekwa mpaka matokeo yatangazwe. Ukikutana naye, kumtwanga kutoka mstari wa nyuma ndicho anachokuombea, maana anaishi kwa makosa yako. Mpigie mpira mfupi wa chini, aje mbele asikopenda, kisha mpitishie mwingine juu ya kichwa. Huna mpira mfupi wa kutegemea? Basi rudisha kama anavyorudisha yeye, na ujiandae kwa jioni ndefu.

"Mpinzani yeyote, mshambulie kwenye bekihendi"

Bekihendi ni pigo la upande wa pili, mkono ukivuka mwili. Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi ya wote, na ndio unaoharibu mechi nyingi. Kwanza, wachezaji wengi wa klabu wana bekihendi dhaifu lakini salama: wanaikata kwa slaisi, yaani raketi ikiuparuza mpira ili uzunguke, inarudi ndani, haina madhara. Makosa yao hutoka kwenye fohendi, kwa kuwa huko ndiko wanakojaribu makubwa. Pili, ukimpigia mtu mipira kumi mfululizo upande mmoja unampa mazoezi. Tatu, udhaifu wa mchezaji wa ridhaa mara nyingi hauko upande wowote: uko kwenye mpira unaoruka juu ya bega, unaomjia tumboni, au unaomlazimu kukimbia mbele.

Fainali ya 1975 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya London, inafaa kukumbukwa hapa. Jimmy Connors alikuwa bingwa mtetezi, anapiga kwa mkono wa kushoto, bekihendi yake ya mikono miwili ikiogopwa na kila mtu, na alistawi kwa kasi ya wapinzani. Arthur Ashe, ambaye kwa kawaida alikuwa mpigaji wa nguvu, siku ile aliificha kasi. Alimpelekea mipira laini ya chini kwenye fohendi, akamvuta nje ya kiwanja kwa servi (mpira wa kuanzisha pointi) ya slaisi upande wa bekihendi, akaongeza mipira ya juu. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Wanaosimulia mechi ile husahau jambo moja: slaisi na mipira ya juu alikuwa nayo tayari, hakuibuni asubuhi ya fainali. Udhaifu wa mpinzani ambao huna mpira wa kuufikia haukusaidii kitu.

"Mpira wa kunyooka kando ya mstari ndio unaomaliza pointi"

Vipimo vya kiwanja vinasema vingine. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo. Mpira wa kimshazari huvuka karibu na katikati, palipo chini. Ule wa kunyooka huvuka pembeni, palipoinuka. Kisha kuna nafasi: kiwanja kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja, hivyo kutoka kona hadi kona ni kama mita 25.15. Hiyo ni zaidi ya mita nzima ya kuukaribisha mpira wako kabla haujatoka nje. Isitoshe, ukipiga kimshazari unakuwa karibu na mahali pa kuungojea mpira unaofuata, wakati ukinyoosha inabidi ukimbie umbali mrefu zaidi kuziba upande ulioacha wazi.

Kwa hiyo kimshazari ndiyo iwe kawaida yako. Nyoosha ukiwa umesimama vizuri ndani ya mstari wa nyuma, na ulenge mita moja ndani ya mstari wa pembeni. Hakuna anayelipwa zaidi kwa kugusa chokaa.

"Servi ya kwanza kwa nguvu zote, ya pili iwekwe tu"

Kila pointi mpigaji ana nafasi mbili za servi. Ukiingiza servi za kwanza nne kati ya kumi, pointi sita kati ya kumi unazianza na mpira unaombembeleza mpinzani. Punguza nguvu kidogo hadi uingize sita au saba, na gemu zako zitabadilika bila kujifunza lolote jipya. Wengine hukimbilia upande wa pili na kupiga zote mbili kwa nguvu. Hesabu yake ni hii: ukikosa sita kati ya kumi, utakosa zote mbili mara 36 kati ya 100. Hakuna fohendi ya kufidia hasara hiyo.

"Mbinu iliyonipa ushindi Dar itanipa ushindi Nairobi"

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi na kudunda juu zaidi, na mzunguko unaoupa hauushushi kama ulivyozoea. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina aina maalumu ya mipira kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Anayetoka Dar es Salaam akipiga kama nyumbani atashangaa mipira yake ikipita mstari wa nyuma. Wa Nairobi akishuka pwani naye huona mpira mzito, pointi ndefu, na joto linalomaliza miguu katika seti ya pili.

"Unashindwa? Badilisha mbinu"

Hii ni nusu kweli. Katika fainali ya Wimbledon ya 2019 Federer alishinda pointi 218 dhidi ya 204 za Novak Djokovic, na bado alishindwa mechi. Matokeo ya ubaoni peke yake hayakuambii kama mpango ni mbovu. Ukiwa nyuma 2-4 lakini kila gemu ilifika dyusi (sare ya 40-40), huenda kinachohitajika ni utulivu tu katika pointi mbili za mwisho. Ukipoteza gemu baada ya gemu kwa namna ileile, mathalani yeye akija wavuni na wewe ukimpigia raketini, hapo badilisha. Una sekunde 90 za kubadilishana upande, zitumie kukumbuka pointi nne zilizopita ziliishaje.

"Ukishinda sarafu, anza na servi"

Si lazima. Kanuni inakuruhusu kuchagua kupiga servi, kupokea, kuchagua upande, au kumwachia mpinzani achague. Bega likiwa bado baridi, mwache aanze yeye, kwani gemu ya kwanza ndiyo rahisi kumvunja, yaani kumshinda kwenye servi yake, mtu ambaye hajapasha misuli. Kukiwa na upepo mkali unaweza kuchagua upande, ila ukifanya hivyo mwenzako ndiye atakayeamua nani aanze.