Je, wajua? Mtoto wa Tabora asiyewahi kuona ziwa anajuaje nanga ni nini?

Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa ajili ya kazi ya leo: "Meli iling'oa nanga Kigoma saa kumi jioni ikiwa na shehena ya chumvi ya Uvinza, na nahodha akaenda kusimama tezi." Mpe mtoto wa darasa la tano pale Tabora mjini, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Igombe. Meli ameiona kwenye picha. Nanga hajaiona hata pichani. Sasa muulize meli ilifanya nini. Atakujibu bila kusita: iliondoka.

Kajuaje?

Amebebwa na kitenzi. Kung'oa anakujua vizuri, tena kwa mikono yake. Mihogo hung'olewa, visiki hung'olewa, jino bovu hung'olewa. Kinachong'olewa ni kitu kilichozama mahali na kushikilia. Basi hiyo nanga, iwe chuma au mti, lazima ilikuwa imeishika meli kwa chini, na ilipotoka meli ikawa huru. Hajui ina umbo gani wala uzito kiasi gani. Kwa hadithi anayoisoma hayo si kitu. Amepata anachohitaji na anasonga mbele. Msomaji mzoefu hufanya hesabu hiyo mara nyingi bila hata kujijua. Jicho lake hutua kwenye neno kama robo ya sekunde, likikuta geni linakawia kidogo, pengine linarudi nyuma neno moja au mawili, kisha safari inaendelea.

Shehena nayo haimsumbui: meli "ina shehena ya chumvi", kwa hiyo ni mzigo. Nahodha amekwenda akasimama, kwa hiyo ni mtu, na kwa kuwa ametajwa yeye peke yake kati ya wote waliomo, huenda ni mkubwa wa chombo. Tezi tuiache kwanza.

Majirani wa neno ni nusu tu ya siri. Nusu nyingine imo ndani ya neno lenyewe, na hapo Kiswahili kina ukarimu ambao lugha nyingi hazina. Soma hii: "Wandubuzi watatu walikindubua kifongwe asubuhi, kufika jioni kifongwe chote kilikuwa kimendubuka." Usihangaike na kamusi, maneno hayo nimeyabuni sasa hivi. Lakini angalia unayajua mangapi. Waliofanya kazi ni watu, tena watatu. Mmoja wao anaitwa mndubuzi. Kazi yao ni undubuzi, kama vile anayevumbua ni mvumbuzi na kazi yake uvumbuzi. Kifongwe kilikuwa kimoja. Vingekuwa viwili ungesema vifongwe. Na kazi ilikamilika, kwa sababu kimendubuka chote. Ngeli na viambishi vimekupa karibu kisa kizima, na maana ya shina bado hujaipata.

Ukitaka unaweza kwenda mbali zaidi. Sikiliza mwisho wa kitenzi: ndubua, ndubuka. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, tega huzaa tegua, fukia huzaa fukua, anika huzaa anua. Huo mwisho una tabia ya kutengua kilichotendwa mwanzo. Tena zipo pasua na pasuka, bomoa na bomoka, ambazo hazitengui tendo lolote ila zinaharibu kilichokuwa kizima. Ningewekewa dau ningesema kifongwe kile kilifunguliwa au kilibomolewa. Ila dau lenyewe lisiwe kubwa, maana chagua, nunua na ugua zina mwisho uleule, na aliyenunua hakufungua chochote isipokuwa pochi.

Mitego ipo, na mingine inachekesha. Mtoto aliyezoea kwamba wa- ni alama ya watu wengi akikutana na "waziri" kwa mara ya kwanza, ana kila haki ya kudhani mmoja wao anaitwa mziri. Kumbe hiyo wa ni sehemu ya neno, limetoka Uarabuni likiwa nayo, na wengi wao ni mawaziri. Kitabu nacho kimetoka hukohuko, ki yake ikiwa sehemu ya shina. Lakini Waswahili walipoisikia hiyo ki mwanzoni waliihesabu kuwa yao, wakasema vitabu, na neno likaingia kwenye ngeli kama lilizaliwa hapa. Kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, asili yake ni amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva ashike kushoto. Leo tuna vipilefti, wala hakuna anayeshtuka.

Sasa nije kwenye ufunguo ambao watu wa Kigoma na Tabora wanao mfukoni, na ambao nadhani walimu wetu wanautumia kidogo mno: lugha za nyumbani. Kiswahili kilipoteza sauti ya l katikati ya maneno kadhaa ya asili yake ya Kibantu, wakati ndugu zake wa bara waliitunza, wengine wakaigeuza kuwa r. Mswahili anasema mvua, Mnyamwezi mbula, Muha imvura. Mswahili njaa, Mnyamwezi nzala, Muha inzara. Ukiwa na masikio ya lugha mbili kati ya hizo, ya tatu haikupotezi kabisa.

Kigoma ufunguo huu hufanya kazi kila siku, kwa sababu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna Kiswahili kingine. Kwa watu wengi wa mashariki ya Kongo, makala ndiyo unayopikia. Kwetu makala ni andiko, kama hili unalosoma. Mtanzania akisoma ujumbe wa jirani yake aliyetoka huko, "nimeishiwa makala, sijapika", anaweza kudhani mwenzake anachemsha maharage kwa magazeti. Lakini iondoe ile l kama tulivyofanya kwenye mbula na nzala: makala, makaa. Ndiyo hiyohiyo. Ukivuka mpaka wa Burundi utaikuta tena, amakara. Sentensi ilikuwa imeshakudokezea kwa neno "sijapika", na historia ya sauti imekuja kuthibitisha. Dokezo mbili zinazokubaliana zina nguvu kuliko moja inayopiga kelele.

Wakati mwingine, bahati nzuri, mwandishi anakuhurumia. Msomaji wa Tanga anayekuta kwamba wasafiri wa Tabora walikuwa wakitafuna michembe anajua angalau kwamba inaliwa. Mwandishi akiongeza "yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani vikiwa vibichi, tofauti na matobolwa ambayo huchemshwa kwanza", kazi imekwisha. Yaani, au, ndiyo, hata mkato mtupu tu: hizo ni ishara za kuzingatia. Wanafunzi wengi hulikodolea macho neno gumu na kukata tamaa, na maana yake imeketi maneno manne mbele.

Lakini nisiuze mbinu hii kana kwamba haina dosari, maana mimi mwenyewe iliniadhiri. Nikiwa mdogo, barua ilifika nyumbani kwetu nikapewa niisome kwa sauti. Iliandikwa kwamba mjomba "yuko mahututi". Nikasoma vizuri, nikamaliza, kisha nikamuuliza bibi kama Mahututi ni mbali kuliko Urambo. Bibi hakunijibu, alikuwa ameshaanza kulia. Ukiitazama hesabu yangu, haikuwa mbaya: yuko Urambo, yuko Kaliua, yuko Nguruka, yuko Mahututi. Sarufi iliniruhusu. Sikuiuliza sentensi iliyofuata, iliyosema tumuombee na kwamba hasogezi hata kope. Ningeweka "Urambo" mahali pa neno lile na kuisoma barua yote tena, ningesikia kwamba hapo kuna kitu hakikai sawa. Huo ndio mtihani wa haraka wa kila dhana: weka maana uliyoikisia mahali pa neno, soma mpaka mwisho wa aya, uone kama habari inasimama.

Kuna pia suala la idadi. Kukisia kunataka maneno mengine yawe yanafahamika. Mwaka 1989 mtafiti Batia Laufer, akichunguza watu wanaojifunza Kiingereza, alitaja asilimia 95 ya maneno kuwa kiwango cha kuelewa matini kwa kuridhisha. Mwaka 2000 Hu na Nation wakapandisha hadi kama 98 kwa anayesoma peke yake bila msaada. Kwenye ukurasa wa maneno 300, hayo ni mageni 15 kwa kipimo cha kwanza na 6 tu kwa cha pili. Kiswahili hakihesabiki sawasawa na Kiingereza, kwani "hawajakisomea" ni neno moja kwetu na sentensi nzima kwao, kwa hiyo sithubutu kuhamisha tarakimu hizo zilivyo. Ila kila aliyewahi kumpa mtoto kitabu kilichomzidi anakijua kinachotokea: madokezo yenyewe yanakuwa mageni, na kipofu hawezi kumwongoza kipofu.

Na kukisia si kukumbuka. Swanborn na de Glopper wa Uholanzi walikusanya tafiti 20 mwaka 1999 wakaona kwamba katika kila maneno mageni 100 ambayo wanafunzi hukutana nayo wakijisomea, wanayoondoka nayo ni kama 15. Yaliyobaki husaidia ukurasa ule kisha huyeyuka. Mtoto wetu wa Tabora atakutana na nanga mara nyingine, na nyingine, ndipo itakaa.

Hata kamusi inamdai aweze kulifumua neno. Akitafuta "ndimi" kwenye herufi N ataambulia patupu. Inabidi ajue kwamba moja ni ulimi. "Walichomolewa" haipo popote, iliyopo ni chomoa.

Turudi kwa tezi, tuliyoiacha imesimama na nahodha. Hapa mtoto anakwama, na ana sababu. Neno halina kiambishi cha kushika. Kusimama mtu husimama popote. Lugha za nyumbani hazimsaidii. Mbaya zaidi, tezi anayoifahamu ni ile ya shingoni ambayo daktari huitaja. Atapata kwamba ni mahali fulani melini, basi. Hapo hakuna ujanja, ni kufungua kamusi au kumuuliza mzee wa pwani, naye huenda akamjibu kwa methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni wa mbele. Ngama ni pale chini ndani, maji yanapojikusanya yakingoja kuchotwa.