Video ya seli za moyo isikufanye uache dawa: ufafanuzi kuhusu mafuta ya samaki

Tunapokea malalamiko kuhusu wauzaji wa vidonge vya omega-3, yaani vya mafuta ya samaki, wanaomwonyesha mgonjwa video ya seli za moyo zikidunda kwenye kisahani cha maabara, kisha wanamwambia aachane na dawa za hospitali.

Majaribio yenyewe ni ya kweli. Miaka ya 1990 huko Boston, Marekani, watafiti Alexander Leaf na Jing Kang walikuza seli za misuli ya moyo za panya wachanga. Seli hizo hudunda zenyewe. Chini ya darubini unaziona zikijikunja na kulegea. Zilipotiwa uabaini, sumu ya msunguti iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale huku kwetu, mapigo yakavurugika. Zikaongezewa EPA na DHA, asidi za mafuta ya samaki, na mapigo yakatulia. Seli ziliposuuzwa kwa albumini, protini inayonasa mafuta, utulivu ule ukatoweka.

Sasa jamani, kisahani si mtu. Mle ndani asidi huwa huru na hugusa seli moja kwa moja. Kwako wewe hupita tumboni, na ikifika kwenye damu hukutana na albumini hiyo hiyo. Jaribio la ASCEND la Uingereza, 2018, liliwapa wenye kisukari gramu 1 ya mafuta ya samaki kila siku. Kati ya washiriki 15,480, waliotumia na wasiotumia hawakutofautiana kwa maradhi ya moyo. Katika jaribio jingine, REDUCE-IT, gramu 4 za EPA iliyosafishwa zilipunguza mishtuko ya moyo kwa wagonjwa waliokuwa tayari wanatumia statini, dawa za kupunguza kolesteroli, lakini mapigo yasiyo na mpangilio yakaongezeka. Soma tena hapo: yakaongezeka.

Wengine wamesikia kwamba asidi ya palmitiki, iliyomo kwenye mawese, huua seli hizo, wakamwaga mawese. Mawese hayohayo yana asidi nyingine ya mafuta, ya oleiki, kwa wingi, ambayo kwenye kisahani hicho huzikinga.

Ukipata madhara, nenda kituo cha afya ujaziwe fomu ya taarifa ya madhara ya dawa. Beba chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, kwa sababu tunahitaji namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina la bidhaa peke yake halitoshi. Taja siku ulipoanza kutumia, idadi ya vidonge kwa siku na dawa zako nyingine, hasa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Stakabadhi ya muuzaji iambatishwe.