Kuishi Kipushi karibu na Lubumbashi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Siku hizi watu wengi wanauliza kuhusu kuhamia Kipushi, mji wa mgodi huku Katanga, Kongo, mmoja juu ya kazi ya mgodi, mwingine juu pesa ya nyumba Lubumbashi imemshinda, mwingine anataka tu parsela kubwa alime mboga na afuge kuku. Shida ni kwamba majibu wanayopata mara nyingi yanatoka kwa mtu ambaye alipita Kipushi siku moja akienda matanga, akaona vumbi na nyumba za zamani, akarudi na hadithi yake. Sisi tunaoupenda huu mji tunaumia kusikia hizo hadithi, kwa hiyo nizitaje hapa moja moja.

Ya kwanza: "Kipushi ni kartie ya Lubumbashi."

Hapana kabisa. Kipushi iko kama kilomita 30 kusini magharibi ya Lubumbashi, pale kabisa kwenye mpaka wa Zambia, na ni makao makuu ya territoire (kama wilaya) ya Kipushi, ina utawala wake. Hata dayosisi ya Kikatoliki ina jina lake, Sakania-Kipushi. Na tena angalia karta vizuri: territoire ya Kipushi ndiyo imezunguka jiji la Lubumbashi, si Lubumbashi imeizunguka Kipushi. Njo maana kuna watu wanajiita wa Lubumbashi, wamejenga huko mwisho wa jiji ambako nyumba zinazidi kusogea porini, kumbe parsela yao iko ndani ya territoire ya Kipushi na hawajui.

Hii si mambo ya sifa tu, inagusa mfuko wako. Ukinunua parsela huko pembeni lazima ujue ardhi iko chini ya nani, maana mtu anaweza kukuuzia na karatasi ya chifu peke yake, na hiyo karatasi haitoshi. Machifu wa Walamba, kama wale wa chefferie ya Kaponda, ndio wenye nchi kwa mila na huwezi kuwaruka, uende uwasalimie, uwaheshimu, lakini kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973 udongo ni mali ya Serikali, na kinachokulinda mbele ya tribinali ni certificat d'enregistrement, yaani hati ya ardhi ya Serikali. Ukishakuwa nayo miaka 2 bila mtu kuipinga, inakuwa ngumu sana kukunyang'anya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franka moja, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi uulize ile parsela imeandikwa kwa nani, usitume komisionere (dalali) akuulizie, yeye anakula kwenye mauzo na si kwenye ukweli.

Ya pili: "Kipushi haina historia, historia iko Lubumbashi."

Hii ndiyo inanikasirisha kuliko zote. Lubumbashi ilianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, sawa. Kipushi mgodi wake ulianza kutoa madini 1924, enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ukaitwa Prince Léopold. Tofauti ni miaka 14 tu, na huyu mdogo amemlisha mkubwa wake miaka mingi sana. Kati ya 1924 na 1993 yalitoka kule chini kama tani milioni 60 za mawe yenye zinki na shaba, pamoja na madini ya ajabu kama jermaniamu ambayo leo inatumika kwenye nyaya za intaneti na vifaa vya kuona usiku. Kuna hata jiwe lenye jermaniamu, renierite, ambalo wataalamu walilitambua mara ya kwanza kwenye mawe ya Kipushi, mwaka 1948.

Na ule mlima mweusi wa Lubumbashi karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ule kila mtu anapiga nao picha, ambao ni alama ya jiji? Ni uchafu uliobaki baada ya kuyeyusha shaba, na sehemu kubwa ya utajiri ulio ndani yake bado, zinki na jermaniamu, ilikuja na mawe ya Kipushi. Leo wanaurudia kuuchimba kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akisema Kipushi haina historia, aangalie dirishani kwake kwanza.

Na kabla ya Wabelgiji, watu wa Katanga walikuwa tayari wanachimba shaba na kuiyeyusha, wanatengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Mzungu hakuja kuleta ujuzi mahali patupu.

Ya tatu: "Mgodi ulifungwa 1993 juu madini yalikuwa yameisha."

Uongo. Wazee waliofanya kazi kule chini watakuambia waliacha mali. Mgodi ulisimama juu Gécamines yenyewe ilikuwa inaanguka: pesa ya kigeni ya kununua vipuri haikuwepo, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulikuwa umeporomoka 1990, na nchi ilikuwa imechafuka. Kile kilichobaki chini ya Kipushi ni pamoja na sehemu inaitwa Big Zinc, ambayo mawe yake yana zinki zaidi ya asilimia 30, wakati migodi mingi ya zinki duniani haifiki hata 10.

Watu wengi hawajui kwamba hiyo miaka yote ya kulala, mgodi ulikuwa bado unahitaji watu usiku na mchana. Maji ya chini ya ardhi hayapumziki, ukizima pompe yanapanda. Ndivyo ilitokea 2011, pompe kubwa iliyokuwa zaidi ya mita 1,200 chini ikaharibika, maji yakapanda yakajaza hadi mita 862 kutoka juu, ikachukua miaka kuyashusha. Mwaka huo huo kampuni ya Kanada, Ivanhoe Mines, iliingia kwa ushirika na Gécamines, na uzalishaji ukaanza tena 2024, miaka 100 kamili tangu mwanzo.

Ya nne: "Mgodi umefunguliwa, sasa kila mtu atapata kazi."

Vijana wangu, tafadhali sikieni hapa. Mgodi wa leo si ule wa baba zetu. Zamani kampuni njo baba, njo mama: ilikupa nyumba kambini, unga, hospitali, shule ya watoto, hata mpira wa Jumapili. Mgodi wa sasa unatumia mashine kubwa na unatafuta mtu mwenye ufundi, fundi wa umeme, fundi wa mashine, dereva mwenye vyeti. Ukija na CV ya diplôme d'État (cheti cha kumaliza sekondari) peke yake utasubiri sana. Na mwaka 2003 Gécamines ilipowatoa wafanyakazi 10,655 kwa ile mpango wa kuondoka kwa hiari, familia nyingi za miji ya mgodi ziliona macho yao mtu mwenye mshahara anavyogeuka kuwa mkulima kwa wiki moja. Hilo somo bado liko kwenye nyumba nyingi za Kipushi, njo maana mama wengi hapa hawaachi shamba hata kama mume ana kazi nzuri.

Ya tano: "Kilomita 30 tu, nitalala Kipushi na kufanya kazi Lubumbashi bila shida."

Inawezekana, wako wanaoishi hivyo, lakini hesabu vizuri. Kilomita 30 haikusumbui, kinachokusumbua ni kungoja gari lijae, halafu foleni ya kuingia jijini, halafu jioni kupigania nafasi na watu wote wanaorudi. Na magari ya mwisho hayakusubiri ukimaliza mkutano wako. Reli ipo, tawi linalotoka Munama, lakini ilijengwa kwa ajili ya madini, usipange maisha yako kwa treni. Pia nauli ya mwezi mzima iweke pembeni ya ile pesa ya nyumba unayodhani umeokoa, mara nyingi tofauti inakuwa ndogo sana.

Ya sita: "Maji ya Kipushi yote ni sumu", na ndugu yake: "Maji ya Kipushi hayana shida."

Zote mbili si kweli. Kampuni ya mgodi inasaidia kusafisha na kugawa maji ya kunywa mjini, hilo ni jambo kubwa, kuna kartie za Lubumbashi zinalia na jerikani. Lakini mto ni kitu kingine. Miaka mingi ya kusafisha madini imeacha matope yenye metali, na mvua inayashusha kwenye mto Kipushi na kuelekea Kafubu. Na kiangazi, mwezi wa nane upepo unapoanza, lile vumbi la matope yaliyokauka linaingia kwenye nyumba. Kwa hiyo usilime lengalenga karibu na hayo matope, usiache watoto wacheze juu yake hata kama panaonekana kama uwanja mzuri, na mboga ya sokoni oshe mara mbili tatu kwa maji safi, kuchemsha hakutoi metali.

Ya saba: "Mpaka uko mlangoni, unga utakuwa rahisi siku zote."

Rahisi siku zingine, ndiyo. Bukari (ugali) ya Lubumbashi na Kipushi inategemea sana mahindi ya Zambia, na Zambia ikifunga, sisi tunafunga mikanda. Mwaka 2024 ukame uliwapiga hadi rais wao akatangaza janga la taifa, na bei huku ikapanda hata kwa mtu anayeona Zambia kutoka dirishani. Mwenye parsela Kipushi apande mahindi yake mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza, asisubiri gunia la ng'ambo. Na kuvuka kunahitaji karatasi kama mpaka mwingine wowote, hata kama unamjua kila mtu pale.