Steki ya kuchoma: maneno ya mezani na ukweli wake

Ukiomba steki kwenye bucha la Dar es Salaam unapewa mnofu usio na mfupa, kwa kawaida wa paja au wa mgongoni, na unalipa zaidi ya anayechukua mchanganyiko. Tunazungumzia mnofu huo, uliopunguzwa mafuta ya pembeni na kuchomwa kwenye jiko la mkaa. Sifa na lawama zake nyingi zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu.

"Nyama ni protini tupu"

Mnofu mbichi ni maji kwa karibu asilimia 70. Katika gramu 100 za mnofu mbichi kuna gramu 21 hadi 23 za protini, basi. Robo kilo mbichi ina kama gramu 55, na hizo zinakaribia mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima wa kilo 70, ambaye anahitaji takriban gramu 56.

Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Robo hiyo ikitoka motoni haina tena gramu 250. Maji yameondoka na zimebaki gramu 175 hadi 190. Protini haikuongezeka wala haikupungua kwa kiasi cha kujali, imekusanyika tu, ndiyo maana gramu 100 za nyama iliyoiva husomeka kuwa na gramu 28 hadi 30. Anayepima nyama mbichi kisha akatumia namba za nyama iliyoiva anajidanganya kwa karibu theluthi. Amua unapimia wapi, buchani au sahanini, na usichanganye.

Robo hiyo ina kama kalori 320. Ukiacha kipande cha mafuta cha gramu 20 pembeni, umeongeza karibu 140. Ukiipaka kijiko kikubwa cha mafuta ya kula, ongeza 120. Chipsi za pembeni, gramu 200 tu, zinaweza kufika 600. Anayelalamika kwamba steki inamnenepesha aanze kwa kuangalia ilivyosindikizwa.

"Nyama isiyo na mafuta haina lehemu"

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesto, imo ndani ya mnofu wenyewe, kwenye kuta za seli. Huwezi kuikata kwa kisu. Gramu 100 za steki iliyoiva zina takriban miligramu 80. Kidari cha kuku bila ngozi, ambacho watu hukikimbilia, kina kiasi hichohicho. Yai moja lina zaidi ya maradufu.

Faida ya kuondoa mafuta iko kwingine. Kwa watu wengi, kinachopandisha lehemu kwenye damu zaidi ya lehemu ya kwenye chakula ni mafuta yanayoganda, yale meupe yanayokamata sufuria likipoa. Steki iliyosafishwa vizuri ina gramu 6 hadi 8 za mafuta kwa kila gramu 100 zilizoiva, na chini ya nusu yake ndiyo ya aina hiyo. Mbavu na nundu ni habari nyingine kabisa. Kata mafuta kabla ya kuchoma, si ukiwa mezani: yakiyeyukia kwenye mkaa yanaleta tatizo tutakalolifikia.

"Nyama ya kuchoma imeisha damu, haiongezi damu"

Ule ute mwekundu unaotoka kwenye steki si damu. Damu ya ng'ombe humwagika machinjioni. Unachokiona ni maji yenye myoglobini, protini ya msuli inayobeba oksijeni, na inageuka kahawia kadiri joto linavyopanda. Rangi ikibadilika, madini ya chuma hayaondoki.

Kiasi cha chuma chenyewe si kikubwa kama watu wanavyodhani: miligramu 2.5 hadi 3 kwa gramu 100 zilizoiva. Mwanamume mzima anahitaji kama 8 kwa siku, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kama 18. Maini yanaizidi steki maradufu (ila mjamzito asiyale ovyo, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno). Nguvu ya steki ni kwamba sehemu kubwa ya chuma chake iko katika hali ambayo utumbo unaipokea kirahisi, asilimia 15 hadi 35, wakati chuma cha maharage na mboga za majani mara nyingi hupokelewa kwa asilimia chache.

Tena nyama husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Kwa hiyo gramu 80 za steki zilizokatwa vipande na kuliwa na maharage, matembele na kachumbari yenye limau zinaweza kufanya kazi nzuri kuliko sahani ya nyama peke yake. Limau na nyanya zina vitamini C, nayo inasukuma upande huohuo. Chai ya rangi inarudisha nyuma, hasa chuma cha maharage na mboga, basi iache ipite saa moja baada ya kula.

Usisahau vitamini B12, ambayo mimea haina: gramu 100 za steki zina karibu mikrogramu 2, na mahitaji ya siku ni 2.4. Zinki nayo ni nyingi, kama miligramu 5. Ila nyuzinyuzi hakuna, vitamini C hakuna, kalsiamu ni ya kuhesabu kwa vidole. Mtu anayekula steki tupu na soda hajala mlo kamili.

"Nyama nyekundu inakaa tumboni siku tatu ikioza"

Haikai. Tumbo huisaga kwa saa chache, asidi na vimeng'enya vikiivunja, na protini karibu yote hunyonywa kwenye utumbo mdogo. Choo kigumu baada ya nyama nyingi husababishwa na kukosa nyuzinyuzi na maji.

"Moto mkali mwanzoni hufunga maji ndani"

Maelezo haya yalienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na bado yanarudiwa kwenye kila jiko la nyama choma. Ukoko wa juu hauzuii maji. Sikiliza tu steki inavyoendelea kuchachatika baada ya kuukaza. Ukoko unaleta ladha, hilo halina ubishi. Maji yanapotea kwa sababu joto la ndani limepanda sana, na mwenye moto mkali muda wote ndiye anayekausha nyama kuliko wote.

Pia moto huo ndio unaoleta suala la saratani. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za kusindikwa kama soseji kwenye kundi la vile vyenye ushahidi wa kutosha. Hiyo haina maana kwamba steki ni sumu. Kipimo kinachoshauriwa ni kutozidisha gramu 350 hadi 500 zilizoiva kwa wiki, yaani robo mbili hadi tatu za nyama mbichi. Nyama iliyoungua ina tatizo lake la ziada: mnofu ukipigwa na joto kali hutengeneza kemikali zisizofaa, na mafuta yakidondokea mkaani hupanda na moshi na kutua juu ya nyama.

Choma hivi. Kata steki unene wa sentimita 2. Iloweke kwa limau, kitunguu saumu na tangawizi kwa saa moja au mbili. Viungo hivi hupunguza baadhi ya kemikali hizo. Papai bichi lililosagwa litoshe dakika 20 hadi 30, maana likizidi, juu panakuwa kama uji na ndani pamebaki pagumu. Subiri mkaa ufunikwe na jivu jeupe, mkono ukivumilia sekunde 4 au 5 juu ya wavu. Geuza kila dakika moja kwa koleo, si kwa uma. Miale ikiruka, sogeza nyama pembeni. Dakika 8 hadi 10 kwa jumla hutosha, kisha iache ipumzike 3 hadi 5 na uikate kinyume na nyuzi zake. Palipoungua kabisa, kata utupe.

Chumvi iwe ya kubana kwa vidole. Steki yenyewe haina sodiamu nyingi, lakini kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinamaliza kipimo cha siku.

"Mbichimbichi ndiyo yenye virutubisho"

Tofauti ya virutubisho ni ndogo, hatari si ndogo. Mnofu wa ng'ombe unaweza kubeba vifuko vya mabuu ya mnyoo tegu ndani ya nyama, mahali ambapo ukoko wa juu haufiki. Nunua yenye mhuri wa ukaguzi, na joto la katikati lifike angalau nyuzi 63. Kama huna kipimajoto, pasua sehemu nene: isiwe nyekundu na yenye kunata.

"Ngumu ni duni, laini ni bora"

Ugumu unatokana na umri wa ng'ombe, kazi ya msuli na nyama kuliwa siku ileile aliyochinjwa. Virutubisho ni vilevile. Siku mbili kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake hulainisha kidogo, ikiwa umeme haukatiki.

"Gauti inatokana na steki"

Steki ina pyurini, kemikali zinazogeuka asidi ya yuriki mwilini, kwa kiasi cha wastani; asidi hiyo ikizidi ndiyo inayoleta maumivu ya gauti kwenye maungio. Maini, figo na dagaa vina zaidi, na bia huongeza asidi hiyo na kuzuia isitoke. Kuna wanaoacha steki wakaendelea na dagaa na bia, kisha wanashangaa kidole gumba cha mguu kikivimba. Mwenye gauti anayetaka steki aanze na gramu 100 zilizoiva, mara moja au mbili kwa wiki, na maji ya kutosha badala ya bia, akikubaliana na daktari wake.