Rotari ya gari kwenye ndege ya kujiundia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu anayeunda ndege yake akitaja kwamba atafunga Mazda 13B, injini ya gari ya rotari, yaani yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, ushauri humjia kutoka pande mbili. Upande mmoja unasema injini hiyo haifi hata ukiitesa. Wa pili unasema itamshusha shambani. Wote wanaitazama injini tupu iliyo juu ya meza. Kiini cha rotari ni kigumu na kinavumilia mengi. Ndege hushushwa na vinavyokizunguka, yaani upoozaji, giaboksi, ekzosi, petroli na umeme. Huko ndiko kazi iliko.

"Injini ya lita 1.3 haiwezi kubeba watu wawili"

Namba hiyo inapotosha ukiiweka moja kwa moja kando ya injini ya pistoni. 13B ina rota mbili, kila chumba kina sentimita za ujazo 654, na kila rota huchoma mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Injini ya pistoni ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili ya krenki ndipo silinda zake zote zichome. Piga hesabu ya hewa: 13B ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hupitisha lita 7,850 hivi. Lycoming O-360, injini ya pistoni ya ndege yenye lita 5.9 na mizunguko 2,700, hupitisha lita 7,970 hivi. Ndiyo maana rotari isiyo na turbo, ikiwa inapumua vizuri, hutoa nguvu za farasi 160 hadi 180.

"Mizunguko 6,000 itaichakaza upesi"

Kinachozunguka mara 6,000 ni shafti. Rota yenyewe huenda theluthi ya hapo, mara 2,000, na ndani hakuna pistoni inayosimama na kugeuza mwendo, wala valvu, wala springi za valvu. Wengine huichanganya na injini za Gnome na Le Rhône za Vita Kuu ya Kwanza, ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na propela. Hizo ni injini za aina nyingine kabisa, na magonjwa yake hayaihusu hii.

Anayeumizwa na mizunguko hiyo ni propela. Propela ya mita 1.8 ikizungushwa mara 6,000 kwa dakika, ncha zake zitakwenda mita 565 kwa sekunde, wakati sauti huenda mita 340 hivi. Itatoa kelele nyingi na mvuto kidogo. Kwa mizunguko 2,700 ncha hizo huenda mita 254 kwa sekunde, na hapo propela inafanya kazi yake. Kwa hiyo giaboksi ya kupunguza mizunguko ni lazima.

"Giaboksi ni gia tu, fundi yeyote ataichonga"

Dhana hii ni ya hatari kuliko nyingi. Injini haitoi nguvu kwa mfululizo laini. Inatoa mapigo, mawili kwa kila mzunguko kwenye 13B. Upande wa pili kuna propela nzito isiyopenda kubadili kasi. Shafti na gia zilizo katikati hujisokota na kujisokotoa kama springi, na kila springi ina mtetemo wake wa asili. Mapigo ya injini yakilingana na mtetemo huo, meno ya gia hugongana mbele na nyuma hadi yapasuke, au shafti ikatike. Kwa mizunguko 1,800 mapigo ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo hatari hii mara nyingi hukaa kwenye mizunguko ya chini, pale rubani anapodhani injini imepumzika. Dawa yake ni kiungo chenye mipira kati ya injini na gia, kinachoshusha mtetemo huo chini ya mizunguko ya kazi. Kanda iliyobaki hupitwa haraka bila kukaa humo. Ukisikia gia zinagonga injini ikiwa haijakanyagwa, pandisha kidogo mizunguko ya chini na ukague mipira.

Giaboksi za sayari, ambazo gia ndogo huzunguka gia ya katikati, zilizozoeleka kwa 13B zina uwiano wa 2.17 au 2.85. Kwa mizunguko 6,000, wa kwanza huipa propela 2,765 na wa pili 2,105. Huu wa pili unaruhusu propela ndefu zaidi na kuiacha injini ipande juu kwenye nguvu zake, na kwa ndege ya kasi ya wastani ndio tunaoupendelea. Giaboksi ya sayari huacha mwelekeo wa kuzunguka vilevile, ilhali ya gia mbili zinazoshikana nje huugeuza. Jua hilo kabla ya kuagiza propela. Hakikisha pia kwamba msukumo wa propela unabebwa na beringi ya giaboksi, usirudi kwenye shafti ya injini.

Wengi huteleza kwenye mizania. Rota huzunguka nje ya kitovu, kwa hiyo kuna vipande vya uzito mbele na nyuma vinavyosawazisha. Ukitoa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) ya gari la gia za mkono na kuweka sahani nyepesi ya giaboksi otomatiki, lazima uweke na kipande cha uzito cha nyuma kinacholingana na rota zako. Rota za magari ya Mazda RX-7 ya 1986 hadi 1988, ya 1989 hadi 1991 na za Mazda RX-8 hazina uzito mmoja, na kipande cha nyingine kitaitikisa injini daima. Nati ya nyuma ni ya milimita 54, nayo hukazwa kwa Nm 392 hadi 490. Usiikaze kwa kukisia.

"Ikipozwa kwa maji, rejeta moja kubwa inatosha"

Rotari hupozwa na vitu viwili. Maji hupoza nyumba za rota, na oili hurushwa ndani ya rota zenyewe kutoka kwenye shafti. Takriban theluthi moja ya joto la kuondolewa hutoka na oili. Atakayefunga rejeta kubwa ya maji na kipoza oili cha kubahatisha ataona maji yanatulia huku oili inapanda.

Kiasi cha joto hilo hushangaza watu. Injini ikitoa nguvu za farasi 180, ambazo ni kilowati 134, maji na oili kwa pamoja lazima viondoe joto linalokaribia kiasi hichohicho. Kwenye gari nguvu kamili hudumu sekunde chache. Kwenye ndege hudumu dakika nzima za kupanda, mwendo ukiwa mdogo na hewa inayoingia ikiwa haba. Pima upoozaji wako kwa kupanda, wala usiridhike na namba za safari ya tambarare.

Tundu kubwa la mbele si dawa. Hewa iingie kwenye mfereji uliozibwa pande zote, ipanuke taratibu, ipite kwenye mapezi ya rejeta, kisha ipate njia ya kutoka iliyo kubwa kuliko ya kuingilia, kwa sababu imepata joto na kujaa. Ufa wa upana wa kidole kando ya rejeta hupitisha hewa nyingi isiyopoza chochote. Injini inayochemsha mara nyingi hupona kwa kuziba nyufa hizo na kupanua njia ya kutokea, bila kununua rejeta mpya.

Oili ibaki kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Ikikaribia 105, punguza nguvu. Maji yasizidi 105. Kumbuka kwamba kifuniko cha rejeta hushika shinikizo kwa kulinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo kadiri unavyopanda, ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyoshuka hata kama kifuniko ni kizima. Ikichemsha kweli, mpira wa kuziba maji kati ya nyumba za rota ndio hufa kwanza. Na kabla hujafunga injini, toa ile valvu ya joto iliyo mbele ya shafti na uweke kizibo kigumu. Ikikwama wazi, rota hazipati oili ya kutosha ya kupoza, na huenda usione ishara ya wazi kwenye geji.

"Ekzosi ya kawaida itadumu"

Haitadumu. Tundu la kutolea moshi hufunguka ghafla, gesi ikiwa bado inaungua, na joto lake hufika nyuzi 900 na zaidi. Chuma laini huisha upesi, na chuma cha pua chembamba hupasuka kwenye maungio. Tumia chuma cha pua cha 321 au Inconel 625 (aloi ya nikeli inayostahimili joto), kuta nene, na viungo vinavyoruhusu bomba kutanuka. Sailensa zenye sahani ndani huvunjika vipande. Kipande kikiziba njia, nguvu hupotea papo hapo, na kikiwa mbele ya turbo, huingia kwenye mapanga yake.

"Sili za ncha ndizo udhaifu wa rotari"

Sili za ncha ni vipande vinavyoziba pengo kati ya pembe za rota na nyumba yake. Zikilainishwa na zisipogongwa, huchakaa taratibu. Kinachozivunja ni nokingi, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya chumba, hasa kwenye injini ya turbo yenye mchanganyiko mwembamba (petroli kidogo kwa hewa nyingi) au cheche za plagi zilizowahishwa. Wengi hutoa pampu ndogo ya kulainisha sili na kuchanganya oili ya mipigo miwili kwenye petroli, mililita 8 kwa kila lita. Ni sahihi, ila huchanganywa kila unapojaza, bila kuruka.

Injini ya gari lililochakaa ipimwe kabla ya yote. Kila rota ina vyumba vitatu na vyote vitatu lazima visomwe: angalau kilo 6 kwa sentimita ya mraba ikizungushwa na stata mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya vyumba isizidi 1.5. Hata ikifaulu, ifungue, ubadilishe mipira yote ya maji na oili, na ukague kromu karibu na matundu ya plagi.

"Inakula petroli mara mbili"

Inakula zaidi, ila si mara mbili. Kwa safari ya nguvu za farasi 120, mchanganyiko ukipunguzwa vizuri, tarajia lita 37 kwa saa. Lycoming yenye nguvu hizohizo itatumia lita 32 hivi. Kuhusu aina ya petroli, ya gari inaifaa zaidi. Risasi iliyomo kwenye petroli ya ndege huchafua plagi na kuua kihisi cha oksijeni.

"Rotari haizimiki angani"

Kiini huenda kweli kikaendelea kuzunguka hata kikiwa kimeumia. Lakini plagi, injekta na pampu zote zinaishi kwa umeme, na hapo ndipo injini nyingi nzima hunyamaza. Pampu, moto na kompyuta kwa pamoja hunywa ampea 15 hadi 20. Alteneta ikifa, betri moja ndogo haikupi hata saa nzima. Weka betri mbili, kila moja na njia yake hadi kwenye injini, pampu mbili, na, kwa kuwa kila rota ina plagi mbili, moto wa plagi za mbele na za nyuma kwenye fyuzi tofauti.

Pampu zikae chini ya usawa wa tangi, mbali na joto, zisukume petroli badala ya kuivuta, kwa sababu petroli ya moto inayovutwa hugeuka mvuke. Petroli inayorudi irejee kwenye tangi lilelile ilikotoka, la sivyo tangi la pili litafurika na kumwaga nje. Kisha pima. Inua pua ya ndege hadi pembe ya kupanda, fungua bomba mwisho wake kwenye injini, washa pampu moja, kinga kwenye chombo chenye vipimo. Ikiwa injini hula lita 64 kwa saa ikikanyagwa mwisho, bomba hilo litoe angalau lita 80 kwa saa, yaani lita moja na theluthi kila dakika, tangi likiwa karibu tupu. Rudia kwa pampu ya pili.